Wapiga Kelele wa Pasiansi (7): Nani Kabandua Bondo la Rebeka?

Msomaji, Jumapili iliyopita ulimwacha Rebeka amepiga magoti stoo, tochi mdomoni, anachungulia ndani ya spika yake ya gitaa. Magoti yameanza kumuuma. Tumwinue.

"Halipo," alisema.

"Nini hakipo?" aliuliza Ngosha, mpiga drams, akiwa mlangoni. Alikuwa anakula muhogo. Ngosha akiwa macho anakula muhogo.

"Bondo, Ngosha! Bondo halipo!"

Muhogo ukasimama njiani.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, shika haya upesi. Mwaka juzi Ngosha alijikwaa, akatumbukiza kisigino katika spika ya gitaa. Karatasi ikachanika mpaka katikati. Spika nyingine haikuwapo. Lakini Mama Dorotea, mama yake Rebeka, anafanya biashara ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, ambavyo hukaushwa vikapelekwa ng'ambo kwa watu wanaovipikia supu. Basi Rebeka akachukua bondo moja bichi, akaliziba tundu. Likakauka. Likakaza. Tangu siku hiyo gitaa lake halikulia tena kama gitaa. Lilinguruma kama kiboko mwenye jino bovu.

Kwa ngurumo hiyo walirekodi kanda yao ya kwanza humo humo stoo, wakaiita "Majirani Samahani". Ikapigwa Musoma, ikapigwa Bukoba, ikapigwa kwenye meli mpaka nahodha akaomba ibadilishwe. Hata jina la bendi walipewa bure na jirani mmoja aliyekuja na taulo kiunoni kuwakemea: "Nyie wapiga kelele!"

Ikaja zamu ya kanda ya pili, "Majirani, Tumerudi". Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bwana Venant, mwenye duka la kanda na mfadhili wao, aliwanunulia vyombo vipya kutoka Japani. Vyombo vikawa safi. Safi mno. Kila wimbo ukatoka kama watoto wa kipaimara. Rebeka akasema warudi kwenye spika ya bondo. Chenge, mwimbaji, akasema yeye ndiye sauti ya bendi, si spika inayonuka samaki. Wakagombana. Chenge akaondoka, akaunda bendi yake na kuiita Wapiga Kelele Asilia.

"Nchi imeingia vyama vingi," alisema, "sasa na bendi nyingi."

Jina moja, bendi mbili, kanda moja. Bwana Venant, ambaye hata soda huchaguliwa na mke wake, aliogopa kuamua. Akampelekea shauri Mzee Mayala, mjomba wa Ngosha, aliyeongoza ngoma za Kisukuma kwa miaka mingi. Mzee akasema litakatwa kama ngoma zinavyokatwa: makundi mawili uwanja mmoja, yapige kwa pamoja, atakayevuta watu ndiye mshindi. Leo, saa tisa alasiri, Nyegezi.

Leo ndiyo leo, msomaji, na bondo halipo.

*

"Zadok," alisema Rebeka.

"Zadok nini?" aliuliza Ngosha.

"Nani mwingine anakuja hapa? Nani juzi alikuwa anauliza bei ya mabondo?"

Na kama aliyeitwa na shetani, Zadok akaingia. Ni mpiga besi wao, Mjaluo wa Shirati, mrefu mpaka huingia stoo kwa kuinama mara mbili. Alikuwa amebeba besi begani. Miguuni alikuwa na raba mpya, nyeupe pee.

Rebeka aliziangalia raba. Ngosha akaziangalia raba. Zadok naye akaziangalia, kwa fahari.

"Mmeziona?" alisema.

Rebeka alimshika ukosi. Ilibidi apande juu ya kreti la soda kuufikia. "Umeuza bondo langu ununue viatu!"

"Niachie, dada! Viatu nimenunuliwa na Roza!"

"Roza gani?"

"Roza mchumba wangu!"

"Roza alikuacha Pasaka," alisema Ngosha.

"Amerudi!"

"Kwa nini arudi?"

"Sasa hilo muulize yeye, mimi nimeona viatu nikanyamaza!"

Rebeka alishuka kwenye kreti. Uongo wa Zadok aliujua. Huwa mrefu na una mjomba wake aliye Nairobi ndani yake. Huu ulikuwa mfupi. Ulikuwa kweli.

"Kama si wewe, ni nani?"

Kutoka uani ilisikika sauti ya Mama Dorotea akimfukuza paka. "Toka! Hilo si lako, ni la Wachina!"

Wote watatu walitazamana.

*

Mama Dorotea alikuwa anatandaza mabondo juu ya waya wa kuku, moja moja, kama mtu anayetandika vitanda vya hospitali.

"Shikamoo mama," alisema Rebeka.

"Marahaba. Mbona una uso kama umepigwa na mlango?"

"Mama, uliingia stoo?"

"Stoo ya nani? Stoo ni yangu. Nyie mnakaa."

"Kulikuwa na bondo nimelibandika kwenye spika."

"Nimelibandua," alisema mama, kwa namna mtu anavyosema amefagia.

Ngosha alishusha muhogo. Zadok alivua kofia.

"Mama! Umelibandua?"

"Kwa maji ya vuguvugu na vidole gumba. Halikuchanika hata kidogo. Usidhani kila mtu anaweza kazi ile."

"Liko wapi sasa?"

"Si ulimtuma Chenge alifuate?"

"Chenge!" walipiga kelele wote, na paka akakimbia kweli.

"Eh, mnanitoboa masikio. Alikuja jana asubuhi. Kanikuta nasafisha samaki, kasema mama, Rebeka kanituma lile bondo la spika, ila mimi naogopa kulichana. Nikamwambia kaa hapo, mwanangu, uone wakubwa wanavyofanya. Ana adabu yule kijana! Kanipa shikamoo mbili, ya kuingia na ya kutoka. Kanichotea maji. Kaniuliza kama zizi la mjomba wako Butimba lina nafasi. Kijana anayeuliza habari za watu wazima, siyo hawa wako wanaouliza chakula."

"Zizi?" alisema Ngosha polepole. Hakuna aliyemjibu. Ngosha huwa hajibiwi.

"Mama, Chenge alituacha! Leo tunashindana naye!"

"Nyie mnagombana na kupatana kama kuku. Mimi nitajuaje leo ni siku ya ipi?"

"Ametuibia!"

"Hajaiba. Nimempa. Na mfuko nimempa."

Rebeka alikaa chini, hapo hapo, kwenye magamba ya samaki. Hakulia. Mtu wa Pasiansi halii kwa ajili ya kitu cha tumboni mwa sangara.

Mama Dorotea alimtazama bintiye. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Na mkishindwa leo?"

"Jina linakwenda. Kanda ya pili inakwenda."

"Na wewe?"

"Mimi nakuja hapa. Tunakaa wawili, tunatumbua sangara."

"Kuna ubaya gani? Kwa matumbo ya samaki nimekulea."

"Hakuna ubaya, mama. Lakini kila mtu anasema kanda ile ilikuwa ya Chenge. Dukani wanasema. Redioni wanasema. Hata wewe unasema."

"Si ndiye anayeimba?"

Rebeka alibandua gamba mkononi. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni mwaka mzima, na mama yake alikuwa amelisema huku anasukuma nzi.

Mama Dorotea aliinuka. Akaenda kwenye beseni, akapasua sangara mmoja mkubwa kwa mkono mmoja, akatia mkono ndani, akatoka na bondo linaloteleza, jeupe kama sabuni.

"Chukua. Hili ni kubwa kuliko lile."

"Litakauka lini?"

"Kwa jua hili? Kesho mchana."

"Tunapiga saa tisa, mama."

"Basi mwambie jua liongeze bidii."

*

Walifikaje Nyegezi wamekaa juu ya barafu ya samaki katika pikapu ya jirani, na Zadok ameinua miguu njia nzima ili raba zisilowe, hiyo ni hadithi nyingine na mimi sina nafasi. Walifika.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mzee Mayala alikuwa amesimama katikati, kavaa koti la mtumba la nchi za theluji, jua likiwa kali, mkononi ameshika mkuki wa ngoma. Alikuwa amechora mstari wa majivu kuugawa uwanja. Huku bendi ya Rebeka na jenereta lao. Kule bendi ya Chenge na jenereta lake.

"Sikilizeni!" alisema. "Hapa hakuna jaji. Miguu ya watu ndiyo kura. Mtapiga pamoja. Nikiona watu wametulia upande mmoja, huko ndiko nitakakochomeka mkuki, na jina litakuwa la huko. Mpigaji hawezi kuvuka majivu. Akivuka kabla ya mkuki kuchomekwa, amekubali kushindwa. Mmesikia?"

"Tumesikia, mzee."

"Na dawa zenu muweke mbali na watoto."

"Sisi hatuna dawa, babu," alisema Rebeka.

"Kila mtu husema hivyo," alisema Mzee Mayala, kwa upole.

Chenge alisogea mpaka ukingoni mwa majivu. Alikuwa na miwani ya jua na suruali nyeupe ya kubana, aliyodai imeshonwa Nairobi. Alinusa hewa.

"Rebeka! Mmekuja na samaki?"

"Tumekuja na jeneza lako."

"Hasira za nini? Mama hajambo?"

"Umemdanganya mama yangu."

"Nimemchotea maji," alisema Chenge, akatabasamu, meno yote.

Bwana Venant, aliyekuwa ameketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo, alipunga leso. Bendi zote mbili zikaanza.

Na Rebeka akaisikia sauti yake mwenyewe. Upande wa pili.

Kiboko mwenye jino bovu alinguruma kutoka kwenye spika ya Chenge. Ilikuwa sauti ile ile, yenye mkwaruzo ule ule mwishoni. Mpiga gitaa wa Chenge alikuwa Pius, kijana anayesomea ualimu, anayeshika nyuzi kama anashika chaki. Alikuwa anaipiga sauti ile kwa woga, kama mtu aliyeazimwa mbwa mkali. Lakini ilikuwa yenyewe. Watu waliijua. Uwanja mzima ukaruka juu, ukakimbilia kwa Chenge.

"Piga!" alifoka Ngosha. "Rebeka, piga!"

Rebeka alipiga.

Kwap.

Sauti ilikuwa ya bata aliyekanyagwa. Bondo lilikuwa bichi. Lilikuwa linatingishika kwenye spika kama kitambi.

Kwap. Kwap-kwap.

Upande wao walibaki watu watatu: muuza barafu za maji, mama mmoja ambaye mtoto wake amelala naye asingependa kumwamsha, na mlevi aliyedhani hapa ndipo stendi.

"Mlevi anaondoka," alitoa taarifa Zadok.

"Kaza besi!"

"Nimekaza. Ameondoka."

Kule ng'ambo Chenge alikuwa anaimba "Majirani Samahani", ameinua mikono, na watu wanamwitikia. Mzee Mayala aliinua mkuki begani. Akaanza kutembea, taratibu, kuelekea kule.

Na hapo kivuli kikapita juu ya spika ya Rebeka.

Mwewe.

Akapita tena. Akaja wa pili. Kisha wa tatu. Unajua mwewe wa ziwani, msomaji. Harufu ya samaki kwao ni kadi ya mwaliko. Walianza kuzunguka juu ya spika, chini, chini zaidi, mpaka Ngosha akawa anapiga drams kwa mkono mmoja na kuwapunga kwa mwingine.

"Wanataka kula amplifaya!" alilia Zadok.

Bibi mmoja, aliyekuwa nyuma kabisa ya kundi la Chenge kwa sababu ya miguu mibovu, aligeuka. Akaona ndege wanazunguka juu ya vichwa vya vijana watatu. Akaona msichana wa gitaa hatazami juu wala hatishiki. Bibi alikuwa amekwenda kwenye ngoma maisha yake yote. Aliona watu wakicheza na chatu. Aliona fisi akiletwa uwanjani. Lakini hili!

"Bhebhe, wewe!" alipiga ukelele. "Wameita mwewe! Wale watoto wameita mwewe!"

Habari ilikwenda kama moto wa nyasi. "Dawa! Wamefanya dawa!" "Nani mganga wao?" "Mganga wa Ukerewe, sura ya yule binti huioni?" Vumbi likatimka. Watu wakamwacha Chenge katikati ya beti, mdomo wazi, wakavuka majivu kwa mbio.

"Hatuna dawa!" alipiga kelele Rebeka. "Ni samaki!"

"Wanasema ni samaki!" watu walipashana habari nyuma. "Dawa ya samaki!"

"Nyamaza, dada," alisema Zadok kati ya meno. "Ukweli leo utatuua."

Mzee Mayala alisimama. Akageuka. Alimtazama Rebeka kwa heshima mpya kabisa.

Jua nalo halikuwa limelala. Lilikuwa limeisimamia ile spika tangu walipoishusha kwenye pikapu, na upepo wa ziwa unaipuliza. Rebeka akapiga, akasikia kwap imepungua. Akapiga tena. Kwarr. Bondo lilikuwa linakaza kingo zake. Akakaza nyuzi, akainama, akapiga kwa kifua kizima.

Grrrrrrrr.

Huyu hakuwa kiboko yule wa zamani. Huyu alikuwa mama yake. Bondo kubwa, sauti kubwa. Ilianzia chini ya miguu, ikapanda magotini. Mtoto aliyelala aliamka na hakulia, alicheka. Mlevi alirudi.

Rebeka alianza wimbo wa kwanza wa kanda mpya, ule ambao kwenye vyombo vya Japani ulitoka kama kipaimara. Sasa ulitoka kama ulivyokuwa kichwani mwake mwaka mzima. Watu hawakuwa wanawatazama mwewe tena. Walikuwa wanacheza. Hakukuwa na mwimbaji hata mmoja na hakuna aliyeuliza mwimbaji yuko wapi.

"Wanakuchezea wewe!" alipiga kelele Ngosha. Machozi yalikuwa yanamtoka, au jasho. Kwa Ngosha huwezi kujua.

Mzee Mayala alikuja. Akavuka majivu. Akatafuta mahali penye udongo laini. Akainua mkuki juu kwa mikono miwili.

Mwewe mmoja akashuka kama jiwe.

Alipiga spika kwa makucha yote mawili. Prraa! Akainuka na bondo, na karatasi, na waya mmoja mwekundu unaning'inia. Wenzake wakamfukuza kuelekea ziwani, wakigombania sauti ya Rebeka juu ya maji.

Rebeka alipiga nyuzi. Hakuna. Hata kwap.

Mzee Mayala alishusha mkuki polepole. "Dawa imemkana," alisema mtu nyuma, kwa huruma.

Na kule ng'ambo, Chenge alicheka kwenye maiki. "Majirani!" aliita. "Rudini nyumbani!" Pius akagusa gitaa, kiboko wa zamani akanguruma kwa woga wake. Watu wa mbele wakaanza kugeuza miguu, mmoja, wawili, kumi.

Rebeka alisimama ameshika gitaa lililokufa. Aliitazama spika iliyopasuka. Akaitazama ile ya ng'ambo, yenye bondo lake la kwanza, alilolibandika kwa vidole vyake, likiunguruma mikononi mwa mwalimu.

Akachomoa waya wa gitaa. Akauzungusha begani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Zadok.

"Endeleeni na wimbo. Msisimame."

"Rebeka! Majivu!"

Alifika kwenye mstari. Mzee Mayala alinyoosha mkono.

"Binti. Ukivuka hapo, jina si lako."

"Babu, jina tulipewa na mtu mwenye taulo," alisema Rebeka. "Atalichukua anayelitaka."

Akavuka.

Chenge alishusha maiki, macho yanacheka nyuma ya miwani. "Umekubali! Jamani mmeona? Amevuka! Jina langu!"

"Chukua jina. Nimefuata sauti yangu."

Alifika kwa Pius. Hakusema neno, alimwonyesha tu waya. Pius alichomoa wa kwake upesi kama mtu anayetuliwa gunia. "Karibu, dada," alinong'ona. "Mimi mwenyewe ilikuwa inanitisha."

Rebeka akachomeka.

Kwa mara ya kwanza alasiri ile, kiboko alimtambua mwenye mbuga. Rebeka aliushika wimbo pale pale ulipokatika. Ng'ambo ya pili Ngosha aliupokea kwa drams, Zadok kwa besi, na uwanja mzima, upande huu na upande ule, ukawa bendi moja yenye mstari wa majivu katikati. Watu walimfuata Rebeka mpaka wa mwisho. Mlevi alibebwa.

Wote wakawa upande wa Chenge.

Sheria ni sheria. Mzee Mayala alitikisa kichwa, akafuta jicho kwa mkono wa koti, akaja akauchomeka mkuki mbele ya suruali nyeupe.

"Jina ni la huku," alisema.

Bwana Venant alisimama kwenye kiti chake. Alikuwa amefurahi, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameamua. "Basi kanda ya pili ni ya Asilia!"

Rebeka alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. "Chenge," alisema. "Jina unalo. Kanda unayo. Lakini kesho mimi sipo. Utangurumisha nini? Pius?"

"Mimi narudi chuoni," alisema Pius.

Chenge alivua miwani. Akaipangusa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hapo ndipo Rebeka alipoanza kuwa nao.

"Nani kasema hutakuwapo?" alisema Chenge. Akasogea, akateremsha sauti. "Nimejifunza, Rebeka. Mpiga gitaa ukigombana naye anachukua gitaa, anaondoka. Mke anaondoka kwenda wapi?"

"Mke wa nani?"

Chenge aliinua maiki. Akageukia upande aliosimama Mama Dorotea, aliyekuwa amekuja na beseni lake kuangalia mwanawe akishindwa kwa heshima.

"Mama mkwe!" sauti ilijaa uwanja. "Shikamoo!"

"Marahaba," alijibu Mama Dorotea, kwa mazoea, kabla masikio yake hayajafika mwanzo wa sentensi. Beseni likamponyoka.

Lango la uwanja lilifunguka. Zilisikika kengele, na fimbo, na sauti za wanaume wakisema "haya, haya". Wajomba wawili wa Chenge, na kanzu za sikukuu, walikuwa wanaingiza ng'ombe. Ng'ombe wazuri, mmoja baada ya mwingine, na mbele yao dume jeusi lenye nundu kama kilima. Vigelegele vikalipuka. Yule bibi wa miguu mibovu alikuwa wa kwanza kucheza.

"Zizi!" alipiga kelele Ngosha kutoka ng'ambo ya majivu, akiwa amesimama juu ya drams. "Rebeka! Lile zizi! Nilisema zizi, hamkunijibu!"

"Mimi nilidhani anauliza tu!" alilia Mama Dorotea. "Rebeka, mwanangu, sijapokea hata kamba!"

Lakini wajomba walikuwa wanakuja moja kwa moja kwake, watu wanawapisha, na Mzee Mayala, anayependa kila desturi, alikuwa tayari amevua kofia. Mahari ikikabidhiwa mbele ya uwanja mzima, msomaji, nani ataikataa na bado aweze kupita sokoni?

"Tabasamu," alisema Chenge kando ya mdomo. "Wanakutazama."

Rebeka alimtazama mama yake. Akawatazama ng'ombe. Akaitazama spika, ambayo bado ilikuwa na sauti yake, na kitufe cha sauti, ambacho hakikuwa kimefika hata nusu.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatabasamu.

Akakizungusha mpaka mwisho, akainua mkono, akapiga nyuzi zote kwa pamoja.

Dume jeusi likasimama. Likageuza sikio moja, kisha la pili. Likautazama uwanja, taratibu, kama mwenye nyumba aliyeamshwa na kelele anayetafuta wa kumlaumu. Likampita Pius. Likampita Bwana Venant, aliyekuwa anapanda kiti chake.

Kisha macho yake yakatua kwenye suruali nyeupe, na kichwa kikaanza kushuka.